Kanyaboli na mtumbwi wa shemeji: twende na watoto ama tuache?

"Habari. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 12 na mwingine 7, tunaishi Nakuru. Nyumbani kwa mzee wangu, baba yao, ni Alego huko Siaya, si mbali na Ziwa Kanyaboli, na hii Aprili shule zikifungwa tunaenda kumuona nyanya yao. Shemeji yangu ni mvuvi, ana mtumbwi, na ameahidi watoto atawazungusha ziwani na kwenye kinamasi cha Yala mpaka waone sitatunga, ule swala wa kinamasi, na watembee juu ya ile nyasi inaelea. Mimi naogopa. Mwalimu mwenzangu ameniambia tumeze dawa ya bilhazia kabla ya kwenda na tutakuwa sawa, shemeji anasema kiboko hana shida ukimnyamazia, na mzee wangu anasema yeye alikua akiogelea huko na mpaka leo ako fiti. Mimi hata kuogelea sijui. Je, ni salama ama niwapeleke tu Ziwa Nakuru kuona wanyama kama kila mwaka? Na tukienda, tujipange vipi?"

Dada, asante kwa kuuliza mapema, wengi huniuliza wakiwa tayari wako kwa foleni ya hospitali. Nimesoma swali lako mara mbili na naona ni maswali manne yamejifunga pamoja, bilhazia, kiboko, hio nyasi inayoelea, na wewe mwenyewe kutojua kuogelea. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupima maji na kuhesabu samaki na mimea kwenye vinamasi vya huku kwetu, kutoka Nyando mpaka Bunyala, kwa hivo mambo ya maji na wanyama nitakujibu bila kusitasita, ya magonjwa nitakueleza vile mdudu anafanya kazi yake lakini dozi na vipimo hayo ni ya daktari.

Jibu fupi ni enda. Lakini si Aprili, si kutwa nzima, na kuhusu huyo wa miaka 7 nina neno pale chini. Kitu kingine, vile umeandika naona woga wako wote uko katikati ya ziwa, mtumbwi upinduke, kiboko aibuke, mzame. Si woga wa bure, lakini kwa miaka yote nimekaa huko, watu nimewaona wakiumia ukingoni zaidi, pale maji na nchi kavu vinapokutana, na wanaumia kwa saa zinazojulikana. Kwa hivo mengi nitakayokuambia hapa ni ya ukingo na ya saa.

Kwanza ujue mahali penyewe, juu nyinyi watu wa Nakuru mmezoea ziwa lenye mwanzo na mwisho, unazunguka na gari, flamingo wale, nyati wale, mnarudi nyumbani na viatu vikavu. Yala haiko hivo. Mto Yala unashuka kutoka milima ya Nandi kwa mbio zake, ukifika tambarare za Siaya unakosa mteremko, unachoka, unatupa matope uliyobeba, unajigawa na kuzungukazunguka. Nzoia nayo inafanya vivyo hivyo upande wa kaskazini kule Bunyala. Hapo katikati ndipo pamekuwa kinamasi, kama hekta 17,500 hivi, kiko Siaya na Busia, na sehemu kubwa ni mafunjo, yale matogo ya Wajaluo, yaliyopita urefu wa mtu. Ndani yake kuna maziwa matatu. Kanyaboli ndilo kubwa, kama kilomita 10 za mraba, na kina chake ni karibu mita 3 tu. Sare liko chini kule upande wa Usenge, mto unapitia humo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Namboyo ni kadogo, unaweza kukapita bila kujua, lakini ndiko kana kina kuliko yote matatu. Mstari wa kusema hapa ziwa limeishia hapa nchi imeanza haupo. Kuna maji, halafu maji yenye mafunjo, halafu mafunjo yenye tope, halafu tope lenye ng'ombe wa mtu.

Sasa bilhazia, ama kichocho, juu hapo ndipo umepewa ushauri mbaya zaidi. Mwalimu mwenzako anakutakia mema lakini amekosea. Prazikwanteli, hiyo dawa ya bilhazia, si chanjo. Ukiimeza leo haikai mwilini ikingojea mdudu wa wikendi, inaisha na kutoka haraka, na isitoshe inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga iliyoingia juzi haiwezi vizuri. Kwa hivo ukimeza kabla ya safari umejipa kizunguzungu cha bure, na ukimeza jioni ileile mmetoka majini pia umewahi, minyoo bado haijakua.

Angalia vile kitu chenyewe kinazunguka. Mtu mwenye minyoo anajisaidia karibu na maji, mvua inaosha, mayai yanaanguka majini na kuanguliwa, kijidudu kinatafuta konokono wa aina yake, kinaingia, kinazaana humo ndani kwa wiki kadhaa, halafu huyo konokono anaanza kumwaga vijidudu vingine vyenye mkia ambavyo kazi yao ni moja, kutafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda, havihitaji umeze maji, na dakika chache za kusimama majini zinatosha. Na konokono mwenyewe anapenda wapi? Maji yaliyotulia, yenye majani, kina kifupi, na ili aambukizwe lazima watu wawe wanakuja hapo. Yaani ni pale pwani ya mitumbwi, pale akina mama wanafua, watoto wanaoga na ng'ombe wananyweshwa. Katikati ya ziwa, maji mengi, mbali na majani, hatari ni ndogo sana. Kwa hivo ule mguu mmoja utaweka majini ukipanda mtumbwi, ule mguu ambao kila mtu anasema si kitu, ndio wenye shida kuliko saa mbili za kuzunguka ziwani.

Halafu kuna saa. Konokono humwaga hivyo vijidudu mchana jua likiwa juu, zaidi kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane. Asubuhi mapema ni vichache. Si kwamba havipo, ni vichache.

Kwa hivo kwa vitendo, mwambie shemeji asogeze mtumbwi mpaka pua yake ipande kwenye mchanga ama aweke ubao, mpande mkavu. Mtoto abebwe mgongoni, hakuna aibu. Gumboti ni nzuri mradi maji yasipite juu, yakiingia ndani umejifungia bwawa lako mwenyewe la mdudu. Mkono usiburutwe majini mtumbwi ukienda, najua watoto wanapenda, na mamba hahitaji kukumbushwa kwamba mko hapo. Mtu akilowa ajifute na taulo kavu kwa nguvu saa hiyohiyo, inasaidia kiasi lakini usiitegemee. Maji ya kuoga kwa nyanya kama yametekwa ziwani, yaache yatulie kwa jerikeni siku mbili ama yachemshe, hivyo vijidudu bila mtu havimalizi siku mbili.

Na mzee wako, huyu aliyekua akiogelea. Mwambie kwa upole, tena msubiri akishiba kwanza. Kitu ambacho wengi tunakumbuka kutoka shuleni ni mkojo wenye damu, lakini huku kandokando ya ziwa iliyojaa ni bilhazia ya matumbo, mkojo uko safi kabisa na mayai yanakwama kwenye ini polepole miaka na miaka. Kusema ako fiti kwa sababu hajawahi kukojoa damu ni sawa na kusema nyumba haina mchwa kwa sababu mlango haujaanguka. Labda alipona, labda alipewa dawa wakati fulani, labda anatembea nayo. Kipimo cha choo hospitalini kitamaliza huo ubishi.

Malaria nitapita haraka ingawa kwa ukweli ndiyo inayoweza kuwaumiza watoto wako kwa haraka kuliko kiboko. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, watoto waliozaliwa huko miili yao haijui malaria vile ya binamu zao wa Alego inaijua. Binamu atapata homa siku mbili acheze mpira, wako anaweza kuwa mahututi. Kwa hivo usiende ukijiambia sisi pia ni watu wa huko. Chandarua chenye dawa kila usiku, nguo za mikono mirefu kuanzia magharibi, na wiki moja ama mbili kabla ya safari mpite kwa daktari ama famasia yenye mfamasia kamili muulize dawa ya kuzuia inayofaa kwa uzito wa kila mtoto. Zingine zinaanza siku moja ama mbili kabla na lazima ziendelee siku kadhaa baada ya kurudi, na hapo ndipo watu huharibu, wakifika nyumbani wanaacha.

Kiboko sasa. Shemeji anasema hana shida ukimnyamazia, na hapa nitamkosoa shemeji ingawa yeye ni mtu wa maji na anajua mengi kuniliko. Kunyamaza ndiyo shida. Kiboko haogelei vile watu wanafikiria, anatembea chini, anasukuma kwa miguu, anaibuka kupumua baada ya dakika chache. Ndiyo maana ziwa la mita 3 si faraja, hapo ndipo nyumbani kwake. Akiibuka akute mtumbwi kichwani ambao hakuusikia ukija, anashtuka, na kiboko akishtuka hajui kurudi nyuma. Wavuvi wazuri utawaona wanagonga ubavu wa mtumbwi na kasia kila baada ya muda, tok tok, tok tok, si uchawi, wanabisha hodi. Muulize shemeji kama anagonga. Akisema hapana, mwambie aanze.

Mchana viboko wamelala majini, pamoja, na wakijulikana wako wapi unawapitia mbali, mimi napenda mita mia ama zaidi, na siwahi kupita kati yao na kina kirefu, wala kati ya mama na mtoto wake. Akifungua mdomo mkubwa wote mnapiga picha, kumbe anakuambia toka. Jioni jua likizama wanatoka kula nyasi, wana njia zao kwenye mafunjo, utaziona kama mifereji iliyokanyagwa, na kabla ya kupambazuka wanarudi. Hapo ndipo mtu anauawa, si kwa mtumbwi, ni kwa miguu, ametoka saa kumi na moja alfajiri kuangalia nyavu ama amerudi jioni kutoka shambani, akasimama kwenye ile njia, kiboko yuko nchi kavu anataka maji na wewe ndiye umeziba mlango. Tena unaona ni ukingo uleule. Kwa hivo hakuna kwenda pwani gizani, na hakuna kuwapeleka watoto kuchungulia na tochi eti waone kiboko akila.

Sasa ile nyasi inaelea. Najua video mnazoona, mtu anarukaruka ardhi inatikisika kama godoro, watoto wanacheka. Ni kweli inabeba mtu. Mizizi minene ya mafunjo inalala na kusukana kama mkeka, kwa ndani ina nafasi za hewa, ndiyo maana inaelea. Chini ya mkeka kunaweza kuwa na maji mita mbili, ama uji wa tope na majani yaliyooza ambao si maji ya kuogelea wala ardhi ya kusimama. Mkeka haulingani unene, hapa ni mita nzima, hatua mbili mbele ni kama karatasi kwa sababu kiboko alipita jana. Mtu akitumbukia makosa ni kujaribu kusimama, kila ukipiga mguu unazama zaidi. Unatakiwa ulale, utandaze mikono, ushike mti uliolazwa upande, utoke ukitambaa kama mamba. Mimi na wenzangu tukitembea juu yake kila mtu anabeba mti wa urefu wa mita tatu kwa sababu hiyo, na tunaacha umbali kati yetu. Kwa watoto jibu langu ni hapana, hata yule wa 12. Aushike kwa mkono kutoka mtumbwini, auone ukitikisika wimbi likipita, inatosha.

Na huo mkeka pia unahama. Upepo ukivuma ama maji yakipanda, kipande kinakatika kinakuwa kisiwa, kinasafiri. Hii nilijifunza kwa ujinga wangu mwenyewe. Tuliingia kwenye mfereji mmoja upande wa Sare kama saa tisa mchana, watu watatu, tukiwa na haraka ya kumaliza vipimo, na niliambiwa na mzee wa pwani nisiingie saa hizo, nikajiona nina digrii. Upepo wa ziwa ukapanda, kisiwa cha mafunjo kikaja polepole kabisa kama lori linarudi nyuma, kikafunga mlango wa mfereji. Tulikata mafunjo na panga mpaka saa tatu usiku, mbu wakiwa wametufunika, na kila tukitulia tunasikia mtu mzito anapumua huko gizani, na hakuwa mtu. Tulitoka wazima. Tangu siku hiyo mzee wa pwani akisema hapana mimi naweka chini vyombo.

Mzee alikuwa anajua saa. Usiku nchi inapoa kuliko ziwa na upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, asubuhi unakufa, maji yanakuwa kioo. Jua likipasha nchi, hewa inapanda na ziwa linaanza kupuliza kuja kwetu, kufika saa saba saa nane kuna mawimbi, na mchana huohuo mawingu ya mvua yanajengeka juu ya Nandi na Kakamega na radi zake. Mtumbwi katikati ya Kanyaboli ndio mti mrefu pekee hapo, radi ikinguruma hata kama ni mbali mnageuza, hakuna kungoja matone.

Ukiweka hizo saa zote pamoja utaona kitu. Kabla ya kupambazuka ni kiboko nchi kavu, kuanzia saa nne ni konokono kwenye pwani, mchana upepo na radi, magharibi kiboko tena, usiku mbu. Kinachobaki ni kama saa kumi na mbili na nusu kukiwa kumekucha vizuri mpaka saa tatu na nusu. Masaa matatu mazima. Na bahati nzuri ndizo saa ndege wanaimba, mwanga ni mzuri wa picha, na watoto hawajachoka. Shemeji atakuambia yeye hukaa majini mpaka jioni, mwambie yeye ni kazini, nyinyi ni wageni.

Kuhusu Aprili nilisema hapana, na sababu si mvua ya kunyesha juu yenu. Machi mpaka Mei ni mvua ndefu, na delta, yaani hizi tambarare mito inapojigawa kabla ya ziwa, haipati mafuriko ya mvua yake, inapata ya watu wengine. Inanyesha Cherangani na Elgoni, Nzoia inabeba, inanyesha Nandi, Yala inabeba, na wewe uko Alego jua linawaka unaona maji yanapanda bila wingu. Njia zinakatika, mifereji inabadilika, mamba na nyoka wanasogea kwa boma za watu, na maji machafu yanaingia visimani, mambo ya kipindupindu na taifodi. Muulize mtu yeyote wa Budalang'i, ama ukumbuke mwaka wa 2020 vile Ziwa Victoria lilipanda likameza fuo. Januari na Februari ndio wakati mzuri kuliko yote lakini watoto wako shule, labda mapumziko ya katikati ya muhula. Agosti si mbaya kwa Kanyaboli, ingawa upande wa Nzoia bado huwa na maji mengi kwa sababu huko Kitale mvua haijaisha. Kama nyanya lazima aonwe Aprili, muoneni Aprili, mtumbwi ungoje.

Sasa kutojua kuogelea. Nitakuambia ukweli, kuogelea kungekusaidia kidogo tu hapo, mtu anayejua akinaswa na mizizi ya mafunjo akiwa amevaa suruali ya jinsi anazama kama wewe tu. Kitu kinachookoa ni laifu jaketi iliyovaliwa, si iliyokaliwa kama mto wa kiti. Na ya mtoto iwe ya mtoto. Ukimvalisha wa miaka 7 jaketi la mtu mzima, akianguka majini jaketi linaelea na mtoto anateleza chini yake anatoka kama muhogo kwenye ganda. Lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, mvalishe, mshike kwa mabega ya jaketi umuinue, likipanda mpaka masikioni halimfai. Ukikosa saizi yake, hapandi. Hapo hakuna kubembelezana.

Ndiyo maana huyo mdogo ningempangia safari yake tofauti. Njiani mkipitia Kisumu kuna Dunga, pana njia ya mbao inayoingia kwenye mafunjo, uliza kwanza iko katika hali gani, mtoto anaona matogo na ndege bila kugusa maji. Ama mpande Got Ramogi huko Yimbo, kile kilima Wajaluo wanasema Ramogi alikaa alipofika, ukiwa juu unaona kinamasi na Sare na Ziwa Victoria kwa mpigo mmoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo mtu anaelewa delta ni nini kuliko akiwa ndani yake amezungukwa na majani. Mkubwa aende Kanyaboli na babake na shemeji, mtumbwi wa kasia, watu wachache, wapite kwanza kwa ofisi ya BMU, kamati ya wavuvi wa pwani, waseme wanaenda wapi na watarudi saa ngapi. Kanyaboli ni hifadhi ya taifa tangu 2010 kwa hivo waulize pia taratibu za KWS, shirika la wanyamapori. Sare siwashauri mara ya kwanza, kuna mkondo, kuna hivyo visiwa vya kuhama.

Sitatunga usimuahidi mtoto. Kwa Kiswahili ni nzohe, ana kwato ndefu zinazotanuka asizame kwenye tope, na akisikia mtu anaweza kujizamisha akaacha pua tu nje. Mimi nimekaa miezi bila kumuona hata mmoja. Muahidi ngege, yule samaki tilapia. Wa Kanyaboli ni ngege asili, yule ambaye Ziwa Victoria karibu amalizike baada ya mbuta, yaani sangara, kuletwa miaka ya 1950 na tilapia wageni kujazana. Huku alibaki kwa sababu ya hayo mafunjo, maji chini yake hayana hewa ya kutosha, mbuta akijaribu kupita anakosa pumzi, ngege na fulu, vile visamaki vidogo, wanavumilia. Mvuvi akivuta wavu asubuhi mtoto amshike mkononi. Na kama mko na bahati kuna ndege anaishi kwenye mafunjo tu, mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano, anaita wawili wawili kama watu wanajibizana. Huyo utamsikia kabla hujamuona.

Kisha mkirudi Nakuru. Homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya kufika huko mpaka miezi kadhaa baada ya kurudi, enda upimwe malaria siku hiyohiyo, usingoje kesho, na umwambie daktari kwa mdomo wako kwamba mlikuwa Siaya, juu Nakuru anaweza kufikiria ni mafua. Mtoto akitapika kila kitu, akilegea, akichanganyikiwa ama akidegedega, hio ni ya kukimbia usiku huohuo. Homa na kikohozi na mwasho wa ngozi unaotokea wiki mbili mpaka nane baada ya kugusa maji inaweza kuwa bilhazia changa, mtajie pia hilo. Na hata kama hakuna mtu anaumwa, aliyelowa apimwe choo kuanzia wiki ya sita mpaka ya nane, kabla ya hapo kipimo kinaweza kusema hakuna na iko. Ikipatikana, prazikwanteli wanapewa kwa kilo zao na inaisha.

Na shemeji mpigie sasa, si siku ya safari. Muulize mambo matatu tu: jaketi ngapi na za saizi gani, pwani yake mtu anapanda mtumbwi bila kulowa, na wale viboko msimu huu wamelala upande gani. Mvuvi wa kweli hilo la tatu atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Akianza kucheka eti wewe mama wa Nakuru unaogopa sana, mwambie sawa, mtaenda naye shambani kuvuna mahindi.